Biskuti Zisizoliwa

Siku ile mtoto wetu wa mwisho alirudi kutoka shule ya awali akiwa na njaa. Akapitia karakana ya baba yake, akaona kopo juu ya meza, akalifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao vyembamba, umbo lake kama mbegu kubwa ya boga. Kwa kuwa kila siku humsikia baba yake akiagiza, "Nileteeni biskuti namba ishirini," hakuwa na shaka yoyote. Akatia kimoja mdomoni. Nilipomfikia alikuwa amekwisha kuking'ata, nacho kilikuwa kimeanza kulainika na kuvimba kwa mate. Alikitema, akanitazama kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya.

Tulicheka sote. Lakini kule kuvimba ndiyo kazi hasa ya kipande kile. Kinatiwa kikavu ndani ya ufa uliokatwa katika ubao, kinakunywa maji ya gundi, kinavimba, na kikishavimba hakitoki tena.

Nimeona niwaandikie akina mama wenzangu habari za mashine inayokata ufa huo, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu ni wake au mama wa mafundi, na fedha ya kununulia vifaa vyao hutoka katika mfuko uleule unaotoa sare za shule na unga. Pili, hata asiye na fundi nyumbani hununua kabati, meza na vitanda, naye ana haki ya kujua kilichomo ndani ya viungo anavyolipia. Sisi tulijifunza kwa gharama.

MTAMBA MMOJA KWA MASHINE MOJA

Mume wangu ni seremala hapa Musoma. Alifundishwa na baba yake kwa msumeno, randa na patasi, na kiungo alichokijua ni kile cha ulimi na tundu. Ncha ya ubao mmoja huchongwa iwe ulimi, ubao wa pili hutobolewa tundu, kisha ulimi huingizwa humo kwa gundi. Ni kiungo kizuri sana, ila kinakula muda. Kabati moja la vyombo lilikuwa likimchukua wiki nzima na zaidi, na mteja wa siku hizi hasubiri.

Yapata miaka mitatu iliyopita alikwenda Mwanza, akamkuta fundi mwenzake akiunga makabati ya jikoni kwa mashine ya betri. Aliporudi hakula vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mama watoto, tumwuze yule mtamba wa Butiama."

Mtamba huyo tulikuwa tumemweka kwa mama mkwe wangu, na katika daftari langu la hesabu alikuwa ameandikwa kuwa fedha ya chuo ya binti yetu mkubwa. Basi nikamwuliza, "Hiyo mashine itafanya nini ambacho patasi haiwezi?"

"Si kwamba patasi haiwezi," akanijibu. "Hesabu siku."

Nikamwuliza tena kwa nini iwe ya betri na si ya waya, ambayo ni nafuu. Akanieleza kwamba makabati ya jikoni humaliziwa nyumbani kwa mteja, na mara nyingi nyumba hiyo bado haijaingizwa umeme. Hata iliyoingizwa, umeme ukikatika kazi inalala. Tena waya unaoburuzwa sakafuni penye watoto ni hatari. Hoja zake zilikuwa za kweli, nikakubali. Nakiri kwamba sikuuliza swali lililofuata, yaani ni kitu gani ambacho mashine hiyo haifai kukitengeneza. Yeye naye hakuuliza.

ILIKOTOKA NA JINSI INAVYOFANYA KAZI

Ufundi huu ulibuniwa katikati ya miaka ya 1950 na seremala wa Uswisi aitwaye Hermann Steiner, katika mji wa Liestal. Wakati huo mbao za unga uliogandamizwa, zile tunazoziita chipubodi, ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia sokoni Ulaya, na mafundi walihangaika namna ya kuziunga kwa sababu hazichongeki ulimi. Steiner akabuni kipande cha mbao kilichogandamizwa chenye umbo la jicho. Mwaka 1968 kampuni yake, Lamello, ikatoa mashine ya kwanza ya kushikwa mkononi. Za betri zimekuja miaka mingi baadaye.

Kwa umbo, mashine inafanana na grenda ya mafundi wa madirisha ya chuma. Mbele yake kuna kisanduku, na ndani ya kisanduku umefichwa msumeno mdogo wa duara, upana wake kiasi cha sentimeta 10. Ukiisukuma mashine kwenye ubao, msumeno hutokeza na kukata ufa wenye unene wa milimeta 4. Ukiiachia, springi huurudisha ndani. Biskuti zinazotumika sana ni za namba tatu. Namba 0 ina urefu wa milimeta 47 na upana wa 15, namba 10 ni 53 kwa 19, na namba 20 ni 56 kwa 23. Ubavuni mwa mashine kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba hizohizo, ili kina cha ufa kilingane na biskuti.

Nimemtazama mume wangu akiifanya kazi hii mara nyingi kiasi kwamba naweza kuieleza bila kumwuliza. Mbao mbili hupangwa jinsi zitakavyokaa, kisha penseli huchorwa kukatisha zote mbili kila baada ya sentimeta 15 hadi 20, alama ya mwisho ikiwa angalau sentimeta 5 kutoka ncha. Upande wa juu wa kila ubao hutiwa alama, na vipimo vyote huanzia upande huo. Ukigeuza ubao mmoja kimakosa, uso wa meza utakuwa na ngazi. Ubao wenye unene wa milimeta 18 hukatwa ufa katikati, kwenye 9. Halafu ubao hubanwa kwa jiriwa juu ya meza, mashine hushikwa kwa mikono miwili, huachwa ishike kasi kwanza, ndipo husukumwa polepole. Kamwe usimruhusu kijana wa karakana ashike ubao mdogo kwa mkono mmoja na mashine kwa mkono wa pili. Mashine inaweza kuruka, na mkono unakuwa mbele ya msumeno.

Kabla ya gundi, kila kitu hujaribiwa kikavu. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao yenye maji. Gundi ya kubandikia viatu haina faida hapa kwa sababu haiivimbishi biskuti. Gundi hupakwa ndani ya ufa na si juu ya biskuti peke yake, na baada ya hapo hakuna kupiga soga, kwa maana una dakika chache tu kabla biskuti haijakaza.

KITI CHA BUNDA

Mwezi wa kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Nyuso za meza zilitoka tambarare, na makabati mawili yaliisha kwa wiki moja. Ndipo mwalimu mmoja mama, mstaafu wa Bunda, akaagiza meza ya chakula na viti sita. Mume wangu, kwa furaha ya mashine mpya, akaunga hata viti kwa biskuti. Vilipendeza. Tulivipakia kwenye gari la mizigo mpaka Bunda, tukalipwa, tukanunua mbao nyingine.

Miezi minne baadaye simu ikalia Jumapili jioni. Palikuwa na sherehe ya kipaimara nyumbani kwa yule mwalimu. Mjomba wake, mzee mwenye umbo kubwa, alikuwa amekwisha kula, akaegemea nyuma kidogo kama watu wazima wanavyofanya wakishiba. Mguu wa kiti ukaachia, mzee akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono.

"Fundi, sitaki ugomvi," mwalimu alisema. "Njoo tu uvione viti ulivyoniletea."

Mume wangu aliondoka kesho yake alfajiri. Alirudi na viti vyote sita, na karatasi ya gharama za hospitali ambayo hakuna aliyemlazimisha kuichukua. Usiku ule tulikaa karakana tukakifungua kiungo kilichoachia. Biskuti ilikuwa imepasuka katikati. Nilipoipima kwa rula niliona kosa letu bila kuambiwa. Biskuti ya namba 20 ina upana wa milimeta 23, kwa hiyo katika kila ubao inaingia kama sentimeta moja na kidogo tu. Ulimi wa kiti aliofundishwa na baba yake huingia sentimeta nne. Mtu akiegemea kiti, uzito wake wote hung'oa kiungo cha nyuma. Kile kipande cha sentimeta moja kingezuia nini?

Mashine haikuwa na kosa. Kazi yake ni kupanga na kushikilia mbao zinazokutana ubavu kwa ubavu, au rafu inayoingia katika ubavu wa kabati. Katika uso wa meza nguvu kubwa inatoka kwenye gundi yenyewe, na biskuti huzuia mbao zisiteleze zinapobanwa. Lakini viti, miguu ya vitanda, ngazi na milango mizito vibaki na ulimi na tundu. Viti vyote vya Bunda vilichongwa upya kwa patasi, bila malipo. Nilipoliangalia daftari, karibu nusu ya bei ya mtamba ilikuwa imekwisha. Binti yetu alianza chuo akiwa amechelewa mwaka mmoja. Sikuwahi kumlaumu baba yake mbele yake, ingawa usiku niliwahi kulia.

MBAO MBICHI NA HARAKA

Jambo jingine lililotuumiza ni unyevu. Mji wetu uko kando ya ziwa, na wakati wa masika hata chumvi kabatini hulowa. Biskuti nazo hunywa unyevu huo. Tulizinunua kwa wingi kwa sababu hapa hazipatikani kila duka, tukaziacha katika mfuko wa karatasi. Mwezi wa Aprili zikakataa kuingia katika ufa. Nilizianika juani kwenye sinia, baadhi zikapungua, nyingine tukawashia jiko. Sasa zinakaa katika kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko unaobana, juu ya rafu ambayo mtoto haifikii.

Mbao pia. Misindano inayotujia, mingine ikitoka kisiwani Ukerewe ambako kuna shamba la miti la Rubya, mara nyingi hufika ikiwa mbichi. Ubao mbichi ukiungwa leo utasinyaa kiangazi na kupasuka, hata uwe na biskuti ishirini. Sisi huzipanga kwa vijiti katikati, chini ya paa, upepo ukipita, kwa miezi.

Na hata ubao ukiwa mkavu, fundi asipige msasa siku ileile ya kuunga. Maji ya gundi huvimbisha ubao pale penye biskuti. Ukisawazisha uvimbe huo mara moja, baadaye ubao ukikauka patabonyea. Tulikuwa na meza moja ambayo baada ya vanishi ilionyesha vijicho mstari mzima kila taa ilipowashwa. Mteja aliichukua kwa bei ya hasara. Sasa meza hulala siku mbili au tatu kabla ya msasa.

KAMA CHEREHANI

Baada ya miezi minane mashine ilianza kunuka moshi. Ufa ulitoka mweusi, biskuti zikaingia nusu. Fundi mmoja akasema mota imekufa, akajitolea kuinunua kwa bei ya kutupa. Mume wangu alikuwa karibu kukubali. Mimi nina cherehani ya miaka kumi na tisa, na najua mashine inayolalamika si lazima iwe inakufa. Nikamwomba anipe jioni moja.

Nilitoa betri kwanza. Hili ni la lazima kila mara mkono unapokaribia msumeno, maana kidole kikigusa swichi hakuna waya wa kukumbusha kwamba mashine iko hai. Tulipofungua kisanduku cha mbele, tulikuta unga wa mbao umeshindiliwa kwenye reli ambazo mashine huteleza juu yake, umechanganyika na mafuta ya cherehani niliyompa mwenyewe nikidhani ninasaidia. Cherehani hupenda tone la mafuta. Mashine hii hailipendi, kwa sababu mafuta hunasa vumbi na kuwa tope. Kwa hiyo msumeno ulikuwa haufiki kina chake. Meno nayo yalikuwa yamefunikwa na utomvu wa misindano, mweusi kama masizi. Meno yenye utomvu hayakati, yanasugua, na ndiko moshi ulikotoka.

Tulipiga reli brashi kavu, tukazifuta, tukazisugua kidogo kwa nta ya mshumaa. Msumeno tuliufungua, tukauloweka kwa muda katika mafuta ya taa mbali na jiko, tukausugua kwa mswaki wa zamani na kuukausha kabisa kabla ya kuurudisha, meno yakielekea upande ulioonyeshwa na mshale. Matundu ya hewa ya mota yalisafishwa kwa brashi laini. Maji hayaingii popote. Kisha tukakata ufa katika vipande viwili vya taka, tukatia biskuti kavu, tukaviunganisha. Vilikutana bila nafasi. Mashine ile haikuuzwa.

Tangu hapo kila Jumamosi jioni ni usafi, na jaribio la vipande viwili hufanywa kila Jumatatu kabla ubao wa mteja haujaguswa. Huangaliwa kama springi inarudisha msumeno ndani yenyewe. Isiporudisha, kazi husimama, kwa sababu msumeno uliobaki nje unaweza kumkata yeyote anayeiweka mashine pajani. Meno yakiwa butu hununuliwa msumeno mwingine. Mashine zenye kaboni ndani ya mota, hizo nazo huisha na kubadilishwa.

Betri ninazitunza mimi, ndani ya nyumba. Betri za siku hizi za lithiamu hazihitaji kuishiwa kabisa kabla ya kuchajiwa, kama tulivyozoea kuambiwa zamani. Zinachukia joto. Karakana ya bati saa nane mchana si mahali pake, wala kiti cha gari kilichopigwa jua. Ikitoka kazini ikiwa ya moto huachwa ipoe kivulini, ndipo huchajiwa. Ikiwa haitatumika kwa muda mrefu huwekwa ikiwa na chaji ya nusu hivi. Iliyovimba au kupasuka haichajiwi tena. Na tafadhali, mama, isitupwe katika shimo la taka unalochoma moto nyuma ya nyumba. Inaweza kulipuka.

Kuhusu vumbi nitasema kwa ukali kidogo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mvule nao huwasha ngozi na kubana kifua. Mfuko wa vumbi ufungwe kwenye mashine na umwagwe kabla haujajaa. Fundi avae barakoa, miwani na vizibo vya masikio. Nguo za karakana zisiingie chumbani, na mtoto mchanga asilazwe pale kwa sababu tu pana kivuli. Wangu wawili wa kwanza nilikuwa nikiwalaza humo. Sikujua.

UKIWA MNUNUZI

Unapoagiza samani, mwulize fundi anaunga kwa nini. Akisema biskuti kwa kabati au uso wa meza, usiogope. Akisema hivyo kwa kiti au mguu wa kitanda, mwombe ulimi na tundu, hata ukingoja wiki moja zaidi. Kitanda ukitikise kabla ya kulipa. Na kama mume au mwanao anataka kuinunua mashine hii, hesabuni pamoja kazi za miezi sita iliyopita. Kama nyingi zilikuwa makabati na meza, itarudisha fedha. Kama ni vitanda na viti, kama ilivyo kwa mafundi wengi wanaopanga kazi zao kando ya barabara, mnyama wenu abaki zizini.

Mwaka jana tulimpelekea mama mkwe kabati la vyombo kule Butiama, la misindano, rafu tano, hakuna hata msumari mmoja unaoonekana. Alilizunguka mara mbili, akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, kisha akaketi juu ya kigoda chake kilichochongwa kwa gogo moja, kisicho na kiungo chochote.

"Limeshikwa na nini?" akauliza.

"Biskuti, mama," mume wangu akajibu.

Akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza mtamba wake atarudi lini. Tulimwambia ni Desemba. Desemba imepita, na bado tunadaiwa.